Maharagwe Yaliyopanda Geti

Munyaka, Eldoret
Jioni

Nafula mwanangu,

Nakusalimu sana. Salamu hizi zitoke hapa jikoni, zipite kwa pazia, zikufikie hapo chumbani ambapo saa hii nakusikia ukifunga zipu ya begi na kuifungua tena. Najua ni ajabu kumwandikia mtu ambaye nikikohoa tu ananiuliza, "Mama, uko sawa?" Lakini barua hii utaisoma ukiwa chuoni Thika, na huko utataka salamu kama mtu yeyote aliye mbali, kwa hivyo wacha nizitoe zote.

Baba yako anakusalimu. Amepiga simu akiwa Malaba na lori la mahindi, anasema foleni haisongi na hatafika kabla hujaondoka. Amesema nikwambie usilale na simu chini ya mto. Hilo ndilo neno lake la kumuaga binti yake. Wewe mwenyewe unamjua, maneno yakimjaa sana kifuani anatoa moja dogo la pembeni. Mdogo wako Nasimiyu anakusalimu. Amekasirika na hataki ijulikane amekasirika, ameosha sufuria zote bila kuambiwa, hata ile ambayo haikuwa chafu. Kukhu, nyanya yako, anakusalimu. Nimemuuliza, "Mama, nimsalimie Nafula?" Akasema, "Msalimie, na umwambie arudishe ungo wangu." Kwa hivyo popote ulipo, mwanangu, rudisha ungo wa watu. Jirani yetu Mama Chebet anakusalimu kutoka ng'ambo ya ua, amekuletea mursik, yale maziwa yao ya kulala, kwa chupa, amesema uifungulie nje ya gari juu inaweza kuruka na kulowesha dereva. Kuku wanakusalimu, hata yule wa shingo tupu. Na mimi mama yako nakusalimu mwisho. Mimi ni mzima kuliko wote, usianze kufikiria vingine.

Sitakuandikia mambo ya kujifunika na ya kuchemsha maji ya kunywa. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Nataka kukuandikia habari ya maharagwe, haya tunayokula na ganda lake. Cheka ukitaka. Mimi niliishia darasa la sita, mambo makubwa siwezi kuyashika yakiwa peke yake hewani, lazima niyashikie kwa kitu ninachokijua kwa mikono.

Leo mchana tulipokaa sisi watatu na lile beseni la bluu, wewe, mimi na Kukhu, ulisema neno moja na mimi sikukujibu. Ulisema, "Mama, mimi sitaenda." Hukuniangalia. Ulikuwa umeshika ganda, unavuta ule uzi wa ubavuni, na uzi ukatoka mzima kutoka kichwa hadi mkia, ukauweka kando kama mtu ambaye hajasema kitu. Ndivyo beseni lilivyo kwetu. Watu wakichambua maharagwe macho yako chini, mikono ina kazi, na maneno ambayo mtu hawezi kuyasema usoni yanatoka yenyewe. Hata baba yako aliniambia habari ya kunioa tukichambua majani ya maboga na kunde kwa mama yangu, nikadhani ananiuliza kisu kiko wapi.

Nilinyamaza si juu sikusikia. Nilinyamaza juu kitu ndani yangu kilisema, asante Mungu. Kilisema haraka sana, kabla sijakizuia. Hicho ndicho kimenifanya nitafute kalamu.

Wacha niandike vile tunaishi. Wewe unajua yote, lakini nikiyaandika nayaona, nikiishi ndani yake siyaoni.

Hili geti letu la mabati baba yako aliliweka ule mwaka wa fujo za uchaguzi, ili watu wasiingie. Ulikuwa mdogo, ulilala chini ya meza na ukakataa kutoka hata kulipotulia. Sasa miaka imeenda, watu wametulia, na tunalifunga tena, ila sasa ni ili mtu asitoke. Kukhu tulimleta kutoka Kimilili babu yako alipofariki. Alikuja na akili zake zote, akakosoa ugali wangu, akakosoa vile nakunja shuka. Kisha akaanza kutafuta vitu ambavyo havikuwa vimepotea. Kisha siku moja mvua ikinyesha nikageuza ugali kwa jiko, nikageuka, hayupo. Tulimpata barabarani, miguu mitupu, anasimamisha malori, anauliza, "Mnapita Kimilili?" Dereva mmoja alikuwa ameshafungua mlango ampandishe.

Tangu hapo ni kufuli. Funguo mbili, moja shingoni mwangu, moja shingoni mwako. Wewe ukiwa nyumbani mimi naweza kwenda kusaga mahindi. Wewe ukitoka, mimi niko ndani. Baba yako yuko na barabara yake, Nasimiyu ana shule. Kumchukua Kukhu twende naye haiwezekani, akiona gari anataka kupanda, na akizuiwa anapiga mayowe kama anaibiwa. Soko silijui tena. Kanisani nilikuwa naimba sauti ya pili, sasa Jumapili nasimama pale kwa tangi nasikia kwaya ikija na upepo, na najua kabisa ni mstari gani wameukosea na nani ameukosea. Siwezi kumwambia mtu.

Sisemi hivi unihurumie. Au labda nasema unihurumie, sijui. Nasema juu wewe uliyaona haya yote na ndiyo maana leo ulisema hutaenda, na mimi sitaki ufikirie ulikosea kuyaona. Uliona sawa. Mimi ni mtu aliyefungiwa, na ufunguo uko shingoni mwangu mwenyewe.

Basi maharagwe. Mama Chebet ndiye alinipa mbegu, alizitoa kwa dada yake Ainabkoi, zile mbegu kubwa za rangi ya zambarau zenye madoadoa meusi, nikadhani ni za mapambo. "Hizi hazilali chini, Mama Nafula," aliniambia juu ya ua. "Hizi zinataka kupanda. Zipe kitu cha kushika." Mimi sikuwa na miti, nikazipanda kando ya ua na kando ya geti. Kwa baridi ya huku zilipenda. Maua mekundu yakafunika mabati, ndege wadogo wakaanza kuja, na mimi nikaacha kuona barabara. Nilifurahi. Kama siwezi kwenda barabarani, ya nini kuiona?

Yalizaa mpaka yakatushinda. Ndipo baba yako akaleta ile friza kutoka kwa baa iliyofungwa Burnt Forest, ikiwa na stika za pombe na harufu ya pombe, na haifanyi kazi. Uliifungua kwa kisu cha mboga na bisibisi ya kuazima. Nilikufokea, "Wewe, stima itakuua!" Ukasema, "Mama, nimetoa plagi, stima iko ukutani inatuangalia tu." Ikanguruma jioni hiyo. Mimi nilifurahia friza. Sikuona kwamba mtoto wangu ameshika kazi yake ya maisha pale sakafuni, na kisu changu cha mboga.

Na hapo ndipo makosa yangu yanaanza, makosa ya mtu anayeamini baridi.

Nilidhani friza inasimamisha kitu. Nilidhani ukikiweka ndani leo, utakitoa siku yoyote kikiwa vile vile cha leo. Nikachuma, nikakata vichwa, nikafunga, nikatupa ndani mabichi. Unakumbuka tulivyoyatoa baadaye? Yalinuka nyasi kavu. Nilipika na vitunguu, na nyanya, na maziwa, bado ilikuwa kama kutafuna kamba ya mbuzi. Baba yako alitafuna, akatafuna, akasema, "Mama Nafula, hii mboga inataka nini kwangu?"

Kumbe maharagwe yanaendelea kukomaa hata ndani ya barafu. Pole pole, bila kuonekana, yanaendelea tu kuzeeka huko gizani. Mama Chebet ndiye alinicheka na kunifunza. "Lazima yapite maji moto kwanza. Yachemke kidogo tu, uyatoe yakiwa bado na ugumu, uyatupe kwa maji baridi. Hapo ndipo yanakubali kulala." Nikamuuliza kwa nini uchome kitu unachotaka kukiweka baridi. Akasema, "Mimi najuaje? Uliza maharagwe."

Basi msimu uliofuata nikachemsha maji. Lakini mimi ni Mbukusu, siwezi kuona mboga ya kijani na maji moto nisitie musherekha, ule munyu wetu wa majivu. Kukhu alikuwa bado anaujua mkono wake, alichoma maganda makavu ya maharagwe yenyewe, akachuja majivu, akanipa ule munyu wake kwa kikombe. Nikamimina wote. Weh! Yalitoka kijani kama nguo mpya ya kwaya. Nilikuita uone. Nilimwita hata Mama Chebet juu ya ua nimwonyeshe kwamba na sisi tuna akili zetu. Halafu siku ya kuyapika yakayeyuka kwa sufuria, yakavutika kwa mwiko, tukala mrenda wa maharagwe. Kukhu ndiye pekee aliyeomba kuongezwa. Baba yako alisema, "Angalau ile ya kwanza ilikuwa na heshima."

Unaona tunavyocheka tukikumbuka. Lakini mimi nikikumbuka msimu ule wa kwanza, wa kuyaweka mabichi, sicheki sana. Juu ndio mwaka ule barua ya chuo ilikuja mara ya kwanza. Uliileta hapa jikoni ukiwa umeishika kwa mikono miwili. Na mimi nilisema nini? Nilisema, "Ngoja Kukhu apate nafuu kidogo." Nafuu gani, Nafula? Ugonjwa huo mtu haponi, na mimi nilijua. Hukubisha. Ulikunja barua, ukatoka kuchota maji. Nilidhani nimekuweka vizuri. Nilidhani utakaa hapa ndani ukiwa vile vile, na ile furaha yako ya bisibisi, mpaka siku nitakayokuwa tayari kukutoa.

Nimekuona mwaka huu wote. Ulianza kujibu kwa neno moja. Ulianza kulala mchana. Redio ya Mama Chebet ilikaa hapa wiki nzima imeharibika na hukuigusa. Siku moja nilikuona umesimama kwa geti, mkono umeshika ule ufunguo shingoni, hufungui, hurudi, umesimama tu, na nikajiona mimi. Umbo langu kabisa, hata vile mguu mmoja unapumzika. Niliogopa kuliko siku ile Kukhu alipotea.

Chuo kilipoita tena nilisema nenda. Nilisema kwa mdomo. Mikono yangu bado ilikuwa inakushika, na wewe ulisikia mikono kuliko mdomo. Ndiyo maana leo kwa beseni ukasema hutaenda.

Na hapo Kukhu, ambaye nilidhani yuko mbali na sisi, anavuta nyuzi zake bila kukosea hata moja, akainua kichwa akakuangalia.

"Nanjala," akakuita kwa jina la dada yake, "bado uko hapa? Si ulisema gari liko njiani?"

Ukasema, "Liko njiani, Kukhu."

"Basi mbona unachambua maharagwe ya watu?"

Tulicheka mpaka Nasimiyu akaja kuuliza ni nini. Kukhu alicheka pia, hakujua kwa nini, lakini alicheka na meno yake yote mawili. Maharagwe ya watu. Ni kweli, mwanangu. Ni maharagwe yangu. Ua ni wangu, na mama ni mama wa mume wangu. Wewe ulikuwa unanisaidia tu, na mimi nikayaacha yawe yako.

Halafu ulinifuata jikoni nikichemsha maji, ukaniuliza lile swali. "Mama, nikienda, ufunguo wangu nampa nani?" Hukuuliza kwa hasira. Uliuliza kama fundi anayetafuta waya umekatikia wapi. Na mimi nikasema, "Acha hapo juu ya kabati." Ukanitazama. Wote wawili tunajua hiyo ina maana gani. Ufunguo juu ya kabati ni ufunguo unaokungoja.

Mama Chebet ameniomba mara nyingi. Unamsikia. "Mama Nafula, nipe huyo mzee siku moja, nikae naye, wewe utoke hata ukanunue chumvi." Na mimi kila mara, "Asante, mama, tuko sawa." Tuko sawa! Mtu amesimama kwa tangi anasikiliza kwaya, anasema yuko sawa. Nilikuwa naona aibu. Dada za baba yako wangesema nimempa mama yao mtu wa nje amwoshe. Hawajawahi kuja hata kumletea sabuni, lakini maneno yao yanafika hapa bila nauli. Na niliogopa pia juu Kukhu anajua Kibukusu tu siku hizi, na akichanganyikiwa anatukana. Nilimwambia Mama Chebet hivyo mara moja, ili nimzuie. Akasema, "Atanitukana kwa Kibukusu, na mimi nitamtukana kwa Kikalenjin, hakuna atakayeumia."

Lakini aibu haikuwa yote. Ukweli mwingine, na huu sijawahi kuuambia mtu, ni kwamba nilizoea. Mtu akifungiwa muda mrefu anaanza kuogopa nje. Nafikiria soko, halafu natafuta kazi nyingine hapa ndani. Nafikiria nikienda kanisani watasema, "Aa, kumbe uko hai," na nitajibu nini? Nikaona ni rahisi kusema Kukhu hawezi kuachwa. Ni kweli hawezi kuachwa. Lakini nilijificha nyuma yake kama wewe ulivyojificha chini ya ile meza.

Saa hii maharagwe ya leo yamelala kwa kitambaa yakikauka. Hilo nalo nilijifunza kwa uchungu, ukiyaweka na maji yanashikana kuwa jiwe moja, unakumbuka baba yako na panga. Yako nimeyatoa yale ya wiki iliyopita, yaliyoshika barafu vizuri, nimeyaweka kwa ule mkebe wa kifuniko cheupe. Kesho nitaukunja kwa magazeti na lile sweta lako zito katikati ya begi. Barua naiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, juu nikiiweka na mkebe italowa. Mpaka Thika barafu itakuwa imeanza kulegea. Yapike jioni hiyo hiyo, wewe na yule msichana utakayekaa naye. Kaanga kitunguu, yatupe ndani, funika, yaive kabisa, hayo mabichi mabichi yanauma tumbo. Usitie musherekha! Na yakibaki, mpe jirani. Usiyarudishe kwa baridi tena. Yakishatoka yametoka, ukiyarudisha yanaharibika na kumharibu anayekula.

Nimesema sitakupa maagizo, na nimekupa. Basi wacha nikupe moja tu lingine, halafu ninyamaze.

Mimi nitakupigia simu. Ninajijua. Si wiki ya kwanza, wiki ya kwanza nitakuwa na kiburi. Lakini itakuja siku ya mvua, stima imepotea, Kukhu amelia tangu asubuhi, na nitakupigia. Nitasema Kukhu ni mgonjwa sana, uje siku chache tu. Nitaisema vizuri, utaamini, hata mimi nitaamini. Nafula, siku hiyo usikimbie kwa steji. Mpigie Mama Chebet kwanza. Umuulize, "Kukhu ni mgonjwa ama ni mama yangu?" Akisema ni Kukhu, uje. Akisema ni mimi, nipigie tu tuongee, niambie umetengeneza nini siku hiyo, na unikatie simu nikianza kulia. Sitakasirika. Nitakasirika, lakini kidogo.

Nimeacha kalamu hapo nikatoka nje. Sasa nimerudi, na mwandiko umebadilika juu mkono una udongo.

Nimeenda kwa geti. Nilitaka kulifungua tu nione kama kesho litafunguka vizuri na begi lako. Unajua nimekuta nini? Siku hizi mbili Nasimiyu hana shule, hatujalifungua, na kamba moja ya maharagwe imetoka kwa ua, imejizungusha kwa komeo, mara moja, mara mbili, imeshika kabisa, na mwishoni imetoa ua jekundu. Nilikuwa na kisu mkononi. Sikuikata. Niliizungusha kurudi nyuma pole pole, vile ilivyojikunja, mpaka ikaachia. Nimeifunga kwa waya wa ua, iendelee huko.

Kisha nikaita, "Mama Chebet!" Akatoka na mikono ya unga. Nikamwambia nataka kumwomba kitu. Nikasimama kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau. Halafu nikavua ufunguo wangu shingoni, wangu, sio wako, nikampitishia juu ya ua.

Akauangalia. Akasema, "Ni wa lini?"

Nikasema, "Wa kesho asubuhi. Nataka kumpeleka Nafula steji."

Hakunishangilia, nashukuru. Aliufuta unga kwa leso, akauweka ndani ya blauzi, akasema, "Kukhu anakunywa chai na sukari ama bila?"

"Na sukari nyingi."

"Basi tutapatana."

Kwa hivyo ule ufunguo wako, kesho utanipa mimi mkononi, usiuweke juu ya kabati. Shingo yangu iko wazi saa hii na naigusa kila mara, nahisi kama nimepoteza kitu. Nimesharudi kwa ua mara moja kutaka kumwambia anirudishie. Nilimkuta anakanda chapati, nikamwambia habari ya mvua, nikarudi.

Kukhu ameanza kuita. Nasikia umeenda kwake, nasikia unamwambia, "Lala, gari litakuja asubuhi." Sauti yako imepona, mwanangu, nimeisikia kutoka hapa.

Sasa sikiliza. Wewe ukisoma hii, utakuwa unajua jambo ambalo mimi nikiandika silijui. Utakuwa unajua kama nilikubebea begi mpaka steji, ama kama nilifika kwa geti, miguu ikakataa, nikakupungia mkono kutoka ndani na kusema kichwa kinaniuma. Yote mawili yanawezekana. Naomba Mungu, na nimeweka viatu vyangu vya kanisani mlangoni, nimevipaka mafuta, lakini viatu haviendi vyenyewe. Kama ni geti, usigeuke kurudi. Panda gari. Mama Chebet ana ufunguo, na mimi nitajaribu siku nyingine, labda siku ya kwaya.

Tuma neno haraka, usingoje ukae sawa, usingoje kitanda wala line nzuri. Nitumie usiku huo huo ukishaonja, uniambie kama maharagwe yalifika na barafu ama yalifika maji. Na kama nilifika steji, niandikie hilo pia, hata kama tulikuwa wote wawili pale. Uniandikie vile nilivyosimama. Nataka kusoma.

Ni mimi mama yako,
Mama Nafula